Nyuma ya Namba Kumi na Saba

Mvua ya Yilan haina adabu. Haipigi hodi, haiagi, na ikishaingia hukaa mpaka wenyeji waichoke. Asubuhi ya siku ya tisa ya safari, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, iliwakuta waendesha baiskeli kumi na saba wamejibanza chini ya kipenu cha duka moja pale Toucheng, kila mmoja na kikombe cha chai ya tangawizi, wakiitazama barabara ya pwani kwa macho ya mtu anayetazama deni. Bahari ilikuwa imepanda hadi ukingoni mwa lami. Kisiwa cha Kasa, kile kidogo cha baharini ambacho siku njema unadhani ukinyoosha mkono utakigusa, hakikuonekana kabisa.

Wan-yu alisimama mwisho wa mstari, mahali pake pa kila siku. Katika msafara wa kuzunguka kisiwa kikubwa, chenye Yilan na Taipei, kila mtu hupewa namba, ambayo hubandikwa kwenye helmeti na nyuma ya kiti cha baiskeli, na watu huitana kwa namba hizo tangu Taipei mpaka warudi Taipei. Yeye alikuwa namba kumi na saba, wa nyuma kuliko wote. Siku nane zote alikuwa akiendesha taratibu, akiachwa, akingojewa, na hakuna aliyemlaumu. Mwenda pole hajikwai, walimwambia, wakampa ndizi.

Nyuma ya namba kumi na saba hakuna mtu ila mlinda mkia. Huyo hana namba. Kazi yake ni kuwa wa mwisho: hampiti yeyote, hata kama mtu huyo anatambaa. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, naye husimama. Ukilia mlimani, hungoja umalize. Shingoni huvaa filimbi ambayo mtu mwingine haivai, na akipuliza mara mbili kwa ufupi, watu wa mbele hujua kwamba mkia uko salama.

Mlinda mkia wa msafara huu aliitwa Kuo Jen-kai. Miaka minne iliyopita ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu amwoe Wan-yu.

Kiongozi Lo, mwanamume mfupi mwenye sauti ya mnadani, alipanda juu ya kreti la soda akatangaza hali. Upepo wa kaskazini mashariki utakuja usoni njia nzima, mpaka kwenye handaki la zamani la reli. Anayetaka apande gari la mizigo, hakuna aibu. Ila kila mtu anajua sheria: aliyepanda gari hata kilomita moja hapewi cheti cha mzunguko. Halafu akakumbusha sheria ya maneno, kwa sababu siku ya kwanza waliivunja akawafokea mpaka wakajuta kulipa kiingilio. Neno likitoka mkiani, kila mtu alipaze kwa aliye mbele yake, mpaka limfikie kiongozi. Usiulize, usilipunguze, usibaki nalo. Kiongozi akilipata, hunyanyua ngumi na msafara mzima husimama.

Watu sita walipanda gari. Namba kumi na sita, Mzee Hung, aliyeuza tambi Keelung kwa miaka arobaini na sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, alikataa hata kulitazama.

"Mimi nikipanda gari leo," alisema, "wanangu watanipandisha kitanda kesho."

Jen-kai alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli ya Wan-yu, akifuta cheni kwa kitambaa. Alifanya hivyo kila asubuhi. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba, akajaribu breki, kisha akatoa glavu za Wan-yu kutoka ndani ya koti lake akamkabidhi. Zilikuwa kavu na zina vuguvugu. Kila usiku hotelini alizikausha kwa mashine ya kukaushia nywele, jambo ambalo Wan-yu aliambiwa na Mama Tsai, namba kumi na tano, mkunga mstaafu ambaye macho yake hayakupitwa na kitu.

"Zimekauka," Jen-kai alisema.

Wan-yu alingoja. Mwanamume mzima, miaka thelathini na tisa, na neno alilokuwa nalo siku ya mwisho lilikuwa hilo. Alizivaa, akasema ahsante, na Jen-kai akarudi nyuma hatua kumi, umbali wake wa kazi. Mama Tsai aliyaona yote hayo juu ya kikombe chake, akasema kwa sauti ya kuiambia chai kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila wako watu wanaokohoa ndani ya mto wa kulalia.

Waliondoka. Upepo uliwapokea kwenye kona ya kwanza, na toka hapo hapakuwa na mazungumzo tena. Mvua ilikuja kwa ubavu, ikaingia kwenye mikono ya koti, ikatokea viwikoni. Mawimbi yalipanda ukuta wa barabara na kumwaga maji ya chumvi kwenye lami. Wan-yu aliinamisha kichwa akakazia macho tairi la Mzee Hung. Mtu akiwa kwenye mvua ya namna ile, hata awe na wenzake kumi, anakuwa peke yake. Kila mmoja anabaki na pumzi zake na mambo yake ya zamani.

Na ya Wan-yu yalikuwa na kiti ndani yake.

Kwa hesabu ya kale, ambayo kila mwaka una mnyama wake, alizaliwa mwaka wa Chui Milia. Jen-kai alizaliwa mwaka wa Nyani, miaka sita kabla yake. Mama yake Jen-kai alikwenda kwa mtabiri mara mbili, kwa watabiri wawili, na wote wakamwambia alichokwishajua: chui na nyani hawakai nyumba moja. Alilivumilia hilo kwa sababu mwanawe alipenda. Lakini ikaja arusi ya dada yake Jen-kai, kwenye hoteli kubwa ya Changhua, na mwanamke wa mwaka wa chui haingii chumba cha bibi arusi asije akaidhuru ndoa. Wan-yu alikuwa amekwisha kanyaga kizingiti, zawadi mkononi, mama alipomwambia mbele ya mashangazi wote, kwa upole unaochoma kuliko matusi, "Wewe, mwanangu, utusubiri nje."

Nje kulikuwa kwenye korido, karibu na lifti. Wan-yu alimtazama Jen-kai. Mashangazi nao wakamtazama. Jen-kai alimletea kiti. Akamletea na bakuli la supu tamu ya vidonge vya unga wa mchele, kwa kuwa alijua anaipenda. Kisha akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Wan-yu aliila ile supu yote. Aliweka bakuli juu ya kiti, akateremka kwa ngazi, akaenda kituo cha treni. Wiki iliyofuata mama ndiye aliyepiga simu kuvunja uchumba. Jen-kai hakukataa, hakukubali, hakusema lolote.

Sasa, tusidanganyane. Wan-yu hakuja kwenye msafara huu kwa ajili ya afya, ingawa ndivyo alivyowaambia ofisini. Aliona tangazo ukutani mwa duka la baiskeli Hsinchu, akaona chini yake "mlinda mkia: Kuo Jen-kai", akalipa kabla mwenye duka hajamaliza kumweleza bei. Wala hakuwa mzito. Miaka mitatu alikuwa akipanda kilima cha kazini kwa baiskeli kila asubuhi, na kwa miguu aliyokuwa nayo angeweza kukaa nyuma ya Kiongozi Lo siku zote tisa. Siku ya kwanza aliendesha pole kwa woga. Siku ya pili aliendesha pole kwa sababu nyingine.

Siku ya pili walikuwa wakishuka pwani ya magharibi, upepo wa kaskazini ukiwasukuma mgongoni. Ukisukumwa na upepo wa namna hiyo huusikii. Hewa hutulia kama ndani ya chumba. Na katika utulivu huo, hatua kumi nyuma yake, alisikia mtu akisema taratibu, "Nisamehe, Wan-yu."

Karibu aanguke. Alijizuia asigeuke, na sauti ikaendelea. Siku hiyo, na ya tatu, na ya nne, kati ya mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki, Jen-kai aliuongelesha mgongo wake kama mtu anayesali. Alisema kikombe cha Wan-yu cha bluu bado kiko kabatini, hakuna anayekitumia. Alisema dada yake alijifungua, na siku hiyo alitaka kumpigia Wan-yu simu, akashika simu mpaka ikazima. Alisema, "Nikikupata tena sitanyamaza." Na Wan-yu, machozi yakimkauka usoni, alizidi kupunguza mwendo ili Mzee Hung amwache mbali, na yeye ayasikie maneno vizuri.

Kisha wakazunguka ncha ya kusini, wakageuka kaskazini, na upepo ukawa usoni. Tangu hapo siku nne hakusikia neno hata moja. Kama Jen-kai bado alisema, maneno yake yalirudi kusini. Kama alinyamaza, alinyamaza. Wan-yu aliendesha pole vile vile, na usiku alilala akiwa ameelekea ukuta, akijiuliza kama mtu anaweza kuachwa mara mbili na mwanamume yule yule ambaye hakuondoka nyuma yake hata hatua kumi na moja.

Saa nne na nusu waliliona handaki. Ni la reli ya zamani, kilomita mbili ndani ya mlima, na siku hizi hupita baiskeli tu. Watu wa mbele waliingia mmoja mmoja wakishangilia. Wan-yu alipoingia, mvua ilikatika ghafla na upepo ukafa. Kulikuwa na taa za njano, matofali yaliyotoa jasho, na mlio wa matairi yenye maji: ya kwake, na ya aliye nyuma yake.

Alipiga pedali mpaka sauti ya Mzee Hung ilipopotea mbele. Halafu akasimama, akateremsha mguu mmoja. Nyuma yake breki zililia, hatua kumi, kama sheria.

"Sogea," Wan-yu alisema bila kugeuka.

Jen-kai alisogea mpaka tairi lake likakaribia la Wan-yu, asilipite.

"Nilikusikia."

"Ulinisikia nini?"

"Siku ya pili. Ya tatu. Ya nne mpaka tunaingia Kaohsiung. Upepo ulikuwa mgongoni, Jen-kai. Miaka yote hii uko barabarani, hujui upepo wa mgongoni unabeba maneno?"

Tone la maji lilianguka kutoka darini, likafuatwa na jingine.

"Nilidhani mlinda mkia hasikiwi na mtu," Jen-kai alisema. "Ndiyo maana naipenda kazi hii."

Wan-yu aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku tisa kumtazama sawasawa. Mvi mbili tatu pembeni mwa masikio, maji yakimchuruzika kidevuni, na macho yale yale yanayoomba radhi kabla hayajakosa.

"Ulisema ukinipata tena hutanyamaza."

"Nilisema."

"Haya. Hapa hakuna upepo. Sema."

Jen-kai alifungua mdomo. Wan-yu aliuona mkono wake ukiishika filimbi, ukiizungusha. "Mama hajabadilika," alisema. "Nilimgusia mwaka jana. Bado anasema nyota zetu..."

"Mama yako sijamuuliza." Sauti yake ilikwenda handakini ikarudi. "Miaka minne watu wananiuliza mama yako alisema nini. Hakuna hata mmoja anayeniuliza wewe ulisema nini, maana hukusema. Uliniletea kiti."

"Sikutaka uchoke kusimama."

"Najua. Ndiyo sababu mpaka leo nashindwa kukuchukia."

Walitazamana. Kama angesema neno moja tu wakati ule, lolote, Wan-yu angelipokea. Jen-kai alitazama mbele, kwenye mwanga mdogo wa mwisho wa handaki, kisha akatazama saa.

"Wanatungoja," alisema. "Tukichelewa Kiongozi atafoka."

Wan-yu alicheka kidogo, kicheko cha kumaliza shughuli. "Haya, mlinda mkia. Fanya kazi yako."

Akakanyaga pedali. Alikanyaga kwa miguu yake halisi, ya kilima cha Hsinchu, akabadilisha gia mara mbili, na mlio wa matairi ya Jen-kai ukabaki mbali. Alitoka handakini akapigwa na mvua usoni asiihisi. Wenzake walikuwa wamejipanga tena, wanaanza kuondoka. "Napita kushoto," alisema, akampita Mzee Hung. Akampita Mama Tsai. Akawapita wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbele yake hapakubaki mtu ila mgongo mnene wa Kiongozi Lo, aliyegeuka akamwangalia kama mtu aliyeona kuku akiogelea.

Sasa wa mwisho alikuwa Mzee Hung, na sheria ni sheria: mlinda mkia hukaa nyuma ya wa mwisho. Kati ya Wan-yu na Jen-kai kulikuwa na watu kumi. Upepo ulipiga kutoka ubavuni, upande wa bahari, ukichukua kila sauti na kuipeleka mashambani. Alilia waziwazi, kwa kuwa mvua ilimruhusu. Alijiambia kwamba mpaka Taipei zimebaki kilomita sitini, kwamba atachukua cheti chake, apande treni, na kesho asubuhi atapanda kilima cha kazini kama kawaida. Hakuna aliyekufa. Alikuwa tu ametoka kwenye kile kiti, akiwa amechelewa miaka minne.

Walikuwa wamekipita kijiji cha Fulong aliposikia sauti nyuma. Watu walikuwa wakipaza neno. Alidhani pancha. Neno lilipanda mdomo kwa mdomo, likikaribia, na katika kila mdomo lilikuwa na mshangao wake. Sauti ya Mama Tsai ndiyo aliyoitambua kwanza, maana ilikuwa inalia. Kisha likafika kwa kijana mmoja mfanyakazi wa benki aliyekuwa nyuma yake, naye kwa utii wa sheria akalipaza bila kulielewa:

"Siku ya arusi nilipaswa kutoka nje na wewe, Wan-yu! Nisubiri!"

Mikono ya Wan-yu iliganda kwenye usukani. Ilikuwa zamu yake. Neno likitoka mkiani usibaki nalo.

"Siku ya arusi nilipaswa kutoka nje na wewe, Wan-yu," alimwambia mgongo wa Kiongozi Lo. "Nisubiri."

Kiongozi alinyanyua ngumi. Msafara mzima ulisimama kando ya barabara, kwenye mvua, na watu kumi na mmoja wakashusha miguu. Kiongozi Lo alijifuta uso.

"Wan-yu ndiye nani?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe si kumi na saba?"

"Nilikuwa."

Alimtazama, akatazama nyuma kwenye mstari, na kwa mara ya kwanza siku zote tisa akashusha sauti. "Basi kuna jibu, au tuendelee?"

Wan-yu alishika breki ingawa baiskeli ilikuwa imesimama. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka ataona macho yale, atamwonea huruma, atarudi mwenyewe hadi mkiani kama alivyofanya kila siku. Akamwambia kijana wa benki, polepole ili lisiharibike njiani:

"Mwambieni sisubiri tena. Aje."

Neno likaanza kurudi. Mdomo wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Hasubiri tena. Aje." Alilisikia likipungua nguvu, likichukuliwa na upepo, likiokotwa na mwingine. Mama Tsai alilisema kwa nguvu zaidi kuliko wote, kama mtu anayemhimiza mama asukume mtoto. Kisha likafika kwa Mzee Hung, na baada ya hapo hakusikia kitu.

Mvua ilinyesha. Lori moja lilipita likawamwagia maji, na hakuna aliyelalamika. Wan-yu alihesabu pumzi zake. Ishirini. Thelathini. Alijua jinsi mlinda mkia anavyokaa mahali pake. Alifika arobaini, akainua mguu auweke kwenye pedali.

Ndipo filimbi ilipolia. Haikuwa mara mbili kwa ufupi. Ilikuwa mlio mmoja mrefu, wenye mate, uliopanda, ukakatika katikati, ukakohoa, mlio wa mtu ambaye hajapuliza filimbi maisha yake yote. Watu wote wa nyuma waliangua kicheko, na katikati ya kicheko akasikia sauti ya mzee wa tambi ikifoka kwamba wasimcheke, filimbi amepewa sasa hivi, na mwenyewe amekwisha ondoka mkiani.

Wan-yu aliurudisha mguu chini.